Sijawahi Kuumia: Je, Imani Yangu ni ya Kuazima?

MASWALI YA WASOMAJI
Anayejibu ni mama muuguzi mstaafu, mzee wa kanisa

*Shikamoo mama. Nina miaka 21, niko mwaka wa pili chuoni hapa Morogoro. Nimelelewa kanisani tangu Shule ya Jumapili, nimepata kipaimara, naimba kwaya ya vijana. Kwenye mkesha wa vijana mjomba mmoja alitoa ushuhuda: alivyokuwa mlevi, akafungwa, akaachwa na mkewe, mpaka Yesu akamtoa huko. Watu walisimama, vigelegele kila upande. Kisha nikaitwa mimi. Nikasema tu, "Namshukuru Mungu kwa kunilinda," nikakaa. Nikasikia wenzangu wakicheka chinichini.*

*Sasa kuna jambo. Yupo baba mmoja mfanyabiashara, mtu mzima, ana familia yake. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, likichelewa hunitumia pesa ya matumizi kwenye simu. Anataka sikukuu ya Pasaka twende naye Zanzibar. Mwenzangu wa chumbani ananiambia, "Nenda ukajionee. Usipoonja utajuaje? Ukiumia utajifunza, na Mungu anasamehe." Moyo wangu unakataa, lakini kuna wakati naona ana hoja. Mbona yule mjomba alimjua Mungu kwa kuumia? Mimi sijawahi kusikia sauti yoyote ikinielekeza. Nitautegemea vipi uongozi nisiousikia?*

*Nisiye na Ushuhuda, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Nianze na lisiloweza kusubiri: usiende Zanzibar. Mengine tutazungumza taratibu, lakini hilo nataka ulisome kwanza, kama leo utasoma mistari mitatu tu.

Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na miaka mingi niliipitisha kwenye wodi ya wanawake. Zamu ya usiku wodini watu husema kweli, kwa sababu maumivu yakikaza mtu hana nguvu za kupamba maneno. Ungedhani neno ambalo mabinti wa umri wako walilisema zaidi ni "sikujua." La. Neno lililotawala ni "niliambiwa." Sista, niliambiwa. Mama aliniambia. Dada yangu aliniambia. Hata rafiki yangu aliniambia.

Nakumbuka mmoja aliyeletwa na bodaboda usiku wa manane. Kanga imelowa damu, midomo imepauka kama karatasi. Tukamwekea dripu, tukachukua damu kupima kundi, nikamuuliza nimpigie nani. Akanipa simu yake na kunionyesha jina la mwanamume. Nikapiga. Ile sauti sote tunaijua: "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Nikapiga tena, vilevile. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine. Akageukia ukutani, akanyamaza mpaka chupa ya dripu ikafika nusu, ndipo akasema, "Mpigie shangazi. Yeye aliniambia." Shangazi alifika kabla hakujapambazuka, ameshika chupa ya chai na kanga mbili kavu. Hakuuliza kitu. Alimfunika, akaketi kwenye ukingo wa kitanda akamsugua miguu.

Binti yule alipona, namshukuru Mungu. Lakini nimejiuliza mara nyingi: usiku ule ulimfundisha nini ambacho shangazi hakuwa amemwambia? Sikioni. Somo lilikuwa lilelile, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba la shangazi lilitolewa jikoni, bure, na binti akiwa mzima.

Ndiyo maana ile kauli ya mwenzako, "usipoonja utajuaje," siiamini hata chembe. Inachukulia kwamba huna habari mpaka uumie. Habari unazo. Unajua kwamba yule baba ana mke. Unajua pesa zile hazitumwi kwa ajili ya vitabu. Unajua chumba cha hoteli kitakuwa na kitanda kimoja. Moyo wako unakataa kwa sababu tayari unajua, na kwenda Zanzibar hakutakuongezea ujuzi wowote.

Tena hoja hiyo ni ya zamani kuliko sisi sote. Ifungue Mwanzo sura ya 3. Mungu alikuwa ameshasema, waziwazi, kabla ya jambo lolote kutokea. Nyoka hakumwambia Hawa kwamba Mungu hayupo. Alimwambia kwamba kusikia hakutoshi: "siku mtakayokula matunda ya mti huo, mtafumbuliwa macho, nanyi mtakuwa kama Mungu, mkijua mema na mabaya." Onja, ndipo ujue. Na macho yalifumbuliwa kweli, mstari wa 7 unasema hivyo. Wakaona kwamba wako uchi, wakaanza kushona majani.

Kuna watu watakaokuambia kwamba maumivu ni mwalimu mkali lakini hakosi kufundisha. Nami nakataa, kwa niliyoyaona. Maumivu peke yake hayamfundishi mtu. Wapo niliowaruhusu kutoka wodini wakilia na kuapa, kisha nikawapokea tena kwa jambo lilelile na mwanamume yuleyule. Farao wa Misri alipigwa mapigo kumi. Mara kadhaa pigo lilipomuuma alisema atawaachia watu waende, na lilipoondolewa moyo wake ukawa mgumu tena. Hata baada ya kumzika mzaliwa wake wa kwanza, bado aliandaa magari yake ya vita akawafuata mpaka baharini. Asiyekuwa na moyo wa kusikia hawezi kuupata kwa kuumizwa tu. Na mwenye moyo wa kusikia, wa nini kumngoja aumie?

Najua Biblia inalo neno la mtu aliyesema ilikuwa vema kwake kuteswa ili ajifunze amri za Mungu. Liko Zaburi 119, na nimelisoma kando ya vitanda vingi. Lakini anayelisema ameshaanguka, na anashukuru kwamba Mungu hakumtupa hata huko alikoangukia. Hakuwa akipanga safari. Hilo ni neno la faraja kwa mtu aliyeumia, na ukiligeuza kuwa ruhusa ya kwenda kuumia umeliharibu.

Sasa huyo mjomba wa mkesha. Mwanangu, mheshimu, wala usimwonee wivu. Hukumsikia vizuri. Wewe ulisikia vigelegele, ukadhani vinasifu ulevi na jela. Siku moja mwendee faraghani, kwa heshima, umuulize: "Mjomba, kama ungerudi na miaka 21, ungepita njia ileile ili upate ushuhuda huu?" Nina hakika na jibu lake. Muulize na watoto wake wako wapi leo, na kama wanampigia simu. Hayo hayasemwi kwenye kipaza sauti.

Mfalme Daudi anatusaidia hapa. Zaburi 32 ni ya mtu aliyetenda dhambi, akaificha mpaka mifupa yake ikachakaa kwa kuugua, kisha akaikiri na kusamehewa. Huo ni ushuhuda kamili, kama wa mjomba wako. Angalia zaburi hiyo inaelekea wapi baada ya msamaha. Neno la Mungu linakuja: "Nitakufundisha na kukuonyesha njia utakayoiendea, nitakushauri, jicho langu likikutazama." Na mara baada yake, onyo: msiwe kama farasi wala nyumbu, ambao bila lijamu na hatamu hawaji. Aliyeungua anageuka na kuwaambia wanaokuja nyuma: ziko namna mbili za kuongozwa, kwa jicho au kwa chuma mdomoni. Mimi nimeonja chuma. Ninyi fuateni jicho.

Kwa hiyo ushuhuda wa mjomba ulikuwa wako. Ulikuwa ni Mungu akikuongoza, usiku uleule, wiki chache kabla ya Pasaka, na wewe ukatoka pale ukisema hujawahi kusikia sauti yake.

Niseme kidogo kuhusu desturi yenyewe, maana vijana wa leo wameipokea bila historia yake. Ushuhuda wa hadharani ulienea sana kwetu Afrika Mashariki kupitia uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kenya na huku kwetu kupitia Bukoba. Gahini palikuwa na hospitali ya misheni, na mmoja wa watu wa mwanzo kabisa, Yosiya Kinuka, alikuwa mtumishi wa hospitali ile. Kama muuguzi, habari hii hunigusa. Watu wa uamsho walizungumza juu ya kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa kuweka wazi mambo ya leo: hasira niliyomwekea mwenzangu asubuhi, kitu cha mtu nilichochukua na sasa nakirudisha. Ushuhuda wa namna hiyo binti aliyelelewa kanisani anaweza kuutoa kila wiki. Hahitaji kwenda jela kwanza. Sisi ndio tuliogeuza mkesha ukawa mahali ambapo aliyeanguka kwa kishindo hushangiliwa zaidi, na viongozi wa vijana wanaosoma safu hii naomba walitazame jambo hilo. Binti akisimama kusema "Mungu amenilinda" na watu wakacheka, mnawafundisha nini wengine waliokaa?

Mtume Paulo hakucheka. Anapomwandikia Timotheo katika waraka wake wa pili, anaitaja imani isiyo na unafiki iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike, na sasa imo ndani yake. Anamkumbusha kwamba ameyajua maandiko tangu utotoni. Paulo mwenyewe alikuwa na ushuhuda mzito kuliko wote, wa barabara ya Dameski, na aliwahi kuwatesa watu wa Mungu. Hakumwambia Timotheo aende akatafute Dameski yake. Imani aliyoipokea jikoni kwa bibi aliihesabu kuwa imani kamili.

Ila liko jambo moja ninalokuonya wewe uliyebaki nyumbani. Yule mwana mkubwa wa Luka 15 naye alibaki, lakini aliishi kama kibarua anayehesabu siku, na mdogo wake aliyepotea aliporudi akashangiliwa, uchungu wote ukamtoka. Baba alimjibu: "Mwanangu, wewe u pamoja nami siku zote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Alikuwa ndani ya nyumba bila kujua kwamba nyumba ni yake. Barua yako ina dalili hiyo. Huna upungufu wa ushuhuda, mwanangu, ila hujakaa ukahesabu ulivyo navyo.

Umeuliza utautegemea vipi uongozi usiousikia. Wengi wetu hatusikii sauti masikioni, na wanaodai kuisikia kila asubuhi mara nyingi nawaogopa. Mwaka 2009 wengi wetu tuliona jinsi DECI, ule mpango wa upatu, ilivyowavuta watu kwa maneno ya kanisani, kupanda na kuvuna, na wachungaji wakiwa mbele. Walioweka akiba zao walihangaika sana mpango ulipofungwa. Kutajwa kwa Mungu hakuthibitishi kwamba Mungu ndiye aliyesema. Kwa hiyo mimi huanza na yale ambayo ameshayasema wazi. Kuhusu mume wa mtu, Mungu hana neno jipya la kukuletea usiku wa leo. Amelisema tangu Sinai. Huhitaji kufunga siku tatu kuuliza kama uende. Funga uombe juu ya mambo ambayo hakuyatamka: kozi, kazi, mchumba yupi kati ya wawili waaminifu.

Kisha kuna watu. Mithali 11 inasema kwa wingi wa washauri huja wokovu. Angalia umemuuliza nani: mwenzako wa chumbani, ambaye naye hajawahi kufika huko anakokupeleka, au amefika na anatafuta mwenzake. Mama yako hujamuuliza. Shangazi hujamuuliza. Hapo ndipo kipimo kilipo, na ni rahisi: je, ungeweza kumpigia mama yako ukamwambia jina la hoteli na jina la utakayelala naye? Jambo linalohitaji kufichwa kwa wanaokupenda, ukilifanya, utakuwa peke yako siku litakapokuumiza. Kumbuka ile namba isiyopatikana.

Sitakudanganya kwamba ukimtii Mungu hutaumia. Yusufu alimkimbia mke wa Potifa akaacha vazi lake mikononi mwa yule mama, na malipo yake ya kwanza yalikuwa gereza. Huenda na wewe ukakosa pesa muhula huu. Huenda mwenzako akakununia. Hayo yanauma, lakini hayakuachii aibu ya kuficha, na ukilia unaweza kulia mbele ya mtu yeyote.

Sasa tufanye kazi. Mwandikie yule baba leo, ujumbe mfupi: nashukuru kwa msaada, siendi, naomba usinitumie pesa tena. Usieleze sababu, maana kila sababu utakayoitoa ataijibu. Akituma nyingine, irudishe. Zile ulizokwisha kutumia zisikusumbue; huna deni lake, na mtu akikuambia mwili wako ndio malipo, huyo hakuwa akikusaidia tangu mwanzo. Akikutisha au kukufuata, mwambie mlezi wa wanafunzi siku hiyohiyo, na polisi kuna dawati la jinsia. Kuhusu bumu kuchelewa, mwambie mama ukweli wa hali yako, hata kama hana kitu. Mwambie na mama mmoja wa kanisani unayemwamini. Nimeona kwaya zikimchangia mwenzao unga, maharage na nauli bila kelele, lakini hazimchangii anayesema "niko sawa." Na Pasaka nenda nyumbani.

*Shikamoo mama. Mwanangu wa kiume ana miaka 20, amemaliza kidato cha nne, hataki tena shule wala kilimo. Anataka nimpe fungu lake sasa anunue pikipiki aendeshe bodaboda mjini. Nimemwonya sana. Mke wangu anasema mtoto akililia wembe mpe, akijikata atajua. Na Mungu je, si kwenye Luka 15 baba alimpa mwana mpotevu mali akaondoka?*

*Baba wa Watano, Njombe*

Marahaba baba. Ndiyo, yule baba alitoa. Mwana alikuwa mtu mzima, na upendo haumfungi mtu mzima kamba. Lakini isome hadithi yote. Hakuna mahali baba anaposema "nimemwacha ajifunze." Na mtoto aliporudi, baba alimwona "alipokuwa angali mbali." Mtu aliyeona kwamba somo linaendelea vizuri asingekuwa anatazama barabarani.

Kuhusu methali ya mama watoto, ningependa tuupime kwanza wembe wenyewe. Mtoto anayelilia jembe mpe. Mikono itatoka malengelenge, yatapona, na atakuwa amejifunza kulima. Kazi, biashara ndogo, kujipikia, kupanga chumba, hayo hufundishwa kwa kufanya na kukosea, na hapo uzoefu hauna mbadala. Wembe ni kile ambacho kosa moja halirekebishiki. Bodaboda, kwa macho yangu, ni jembe lenye makali ya wembe. Vijana wengi wanalisha familia nayo. Na kitengo cha mifupa nakijua pia: nimewaona wamelala miguu ikivutwa kwa mawe, na wengi wao hawakuvaa helmeti, au walikuwa wamekunywa, au hawakuwa na leseni wala hawakuwahi kufundishwa na mtu.

Kwa hiyo msimnyime wala msimtupie. Fungu lote usimpe. Kaeni watatu mezani, mama akiwepo, mpatane: kwanza aende mafunzo ya udereva mpaka apate leseni, na ada hiyo lipa wewe. Pikipiki baadaye, kwa mkopo wa familia ambao atakuwa anaurejesha kidogokidogo kila wiki. Helmeti mbili, yake na ya abiria. Usiku wa manane hapana, pombe hapana. Akikataa masharti hayo na kutaka fedha mkononi, basi kataa bila kupiga kelele, mwombee, na chakula chake jioni kiwekwe kama kawaida. Akiyakubali, mpeleke wewe mwenyewe siku ya kwanza kwenye kijiwe, umtambulishe kwa mwenyekiti wao na madereva wazee, uwaombe wamwelekeze. Yako mengi ya barabara ya mjini ambayo wewe huyajui, nao wanayajua.